Kiti cha Miguu Mitatu

Jamani, msinicheke sana. Jumamosi nimetoka kununua nguo soko la Shahe, miguu imevimba, nikaingia jengo moja la maduka kufuata kiyoyozi. Ukumbini wamejenga mfano wa magofu ya kale: nguzo zilizovunjika, ngazi, na juu kabisa kiti cha miguu mitatu, kitupu. Nikakaa, nikavua na viatu.

Watu wakaanza kunipiga picha. Sisi Waafrika wa Guangzhou tumeshazoea, nikawatabasamia. Mama mmoja wa Kichina akanisogezea simu inayotafsiri: "Binti yangu ataolewa lini?"

Nikaona ni maongezi tu, wazee wa hapa huuliza lolote. Nikamjibu ninavyowajibu wateja wangu wa Kariakoo mzigo ukichelewa: "Wiki ijayo." Akainama kunishukuru! Mwingine akauliza mwanawe atapata kazi lini. Wiki ijayo. Foleni ikafika kwenye lifti, nami najiona nina nyota ya kupendwa.

Ndipo akaja Bibiche, mfanyabiashara mwenzangu wa Lubumbashi, ameshasoma bango. "Mais dada, shuka! Hii ni hekalu ya Delfi, ya Wagiriki wa zamani. Kwenye kiti hicho alikaa mwanamke wa kutabiria watu!"

Mimi, mtu wa swala tano, nimegeuka mpiga ramli!

Chini ya ngazi alisimama msichana wa Kichina, gauni jeupe, taji la majani kichwani, mikono kiunoni. Akaninyooshea simu yake: "Na mimi kiti changu nitakipata lini?"

Mdomo ukanitangulia: "Wiki ijayo."