Fundi aliyenunua geti kabla ya paa

Saa moja asubuhi, jua halijapata makali, fundi plasta amepiga goti mbele ya nguzo ya lango la nyumba ya ghorofa. Anachota mchanganyiko wa saruji kwa mwiko, anaurusha, anausawazisha kwa ubao, kisha anarudi nyuma hatua mbili na kufumba jicho moja. Nguzo imenyooka. Kando yake limening’inia geti jeusi la chuma lenye mikuki ya rangi ya dhahabu na simba wawili wanaotazamana.

“Unaliona hili?” anauliza, akilipigapiga kwa kiganja kama mtu anayemsalimia ng’ombe aliyemuuza. “Lilikuwa langu.”

Ana miaka hamsini na mmoja. Mtaani wanamwita Bwana Geti, na jina hilo hakupewa kwa heshima.

Kwa miaka thelathini amepiga plasta nyumba za watu, huku yeye na mkewe wakiishi kwenye chumba kimoja cha kupanga. Kinyozi hajinyoi. Lakini wawili hawa walijikaza. Mkewe anauza mitumba ya watoto, na kila jioni akifunga meza alikuwa akitenga chochote kilichopatikana. Wakanunua kiwanja kidogo, wakapandisha kuta za vyumba viwili kwa tofali za udongo. Likabaki paa.

Asubuhi moja, miaka minne iliyopita, mkewe alimkabidhi bahasha ya fedha za mbao na mabati. Nusu yake ilikuwa jasho la mama huyo.

Njiani fundi akapita kwa rafiki yake mchomeleaji. Nje ya karakana limesimama geti ambalo aliyeliagiza alihama bila kumalizia malipo. Linauzwa nusu ya bei.

“Nilijiambia, mabati yapo kila siku, geti kama hili halirudi,” anasimulia. “Na ukweli ni kwamba nilitaka wakwe zangu wakija waseme, kumbe huyu ni fundi kweli. Sifa zilinipanda kichwani. Nikalipa palepale.”

Bwana Geti hahesabu fedha kama sisi wengine. Kipimo chake ni mfuko wa saruji. Geti lile lilikula mifuko mia moja na ishirini, na kazi ya kutwa nzima humpa mfuko mmoja na nusu. Ni siku themanini za kusimama juu ya jukwaa, bila kula wala kulipa kodi ya chumba.

Alipolipeleka nyumbani kwa mkokoteni ili mkewe alione, mama hakufoka.

“Bora angefoka,” anasema fundi. “Aliliangalia, akaniuliza taratibu, ‘Sasa baba, tutalala chini ya geti?’ Akaingia ndani kukunja nguo zake za biashara.”

Tangu siku hiyo mkewe hajakanyaga kiwanjani.

Geti likasimikwa peke yake, kulia hakuna ukuta, kushoto hakuna ukuta. Yeye alilifunga kwa kufuli, watu wakapita pembeni. Wachokozi wakaliandika kwa mkaa: “Piga hodi, mbwa mkali.” Siku moja alifika akakuta amesahau ufunguo, akarudi kuufuata mwendo wa nusu saa.

“Nilikumbuka kwamba pembeni ni wazi nikiwa nimeshafungua!” anasema, anacheka mpaka anajifuta macho.

Kilichofuata hakikumchekesha. Kuta zisizo na paa zilinyeshewa msimu wa kwanza zikavumilia. Msimu wa pili mmoja ukalala chini.

“Nilikaa juu ya tofali nikalia,” anasema. “Sikuulilia ukuta. Nilikuwa namfikiria mama watoto anavyosimama juani na goti lake lile bovu. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu mimi ameshaanza shule.”

Akaanza kufanya kazi hadi Jumapili, miaka mitatu, akauinua tena ukuta ule na kununua mbao za paa. Kisha mwenye ghorofa hili akamuuliza kama anamjua mtu anayeuza geti. Alilitoa kwa mifuko hamsini. Hakubishana, na fedha hakuzigusa. Alimwomba mnunuzi azipeleke kwa mke wake yeye fundi, mkononi, na mama akaenda dukani mwenyewe, akachagua mabati moja baada ya jingine.

Paa sasa lina wiki mbili. Sakafu bado ni vumbi, madirisha yamezibwa kwa mbao. Mkewe bado hajaenda.

Tulimkuta mezani kwake, akipanga soksi ndogo mbili mbili.

“Mume wangu ana moyo mzuri mno,” alisema. “Ila ukimtuma chumvi, atarudi na kibakuli kizuri cha kuwekea chumvi. Hata siku tulipooana nilikuwa najua. Nampenda hivyohivyo. Lakini paa nitaliamini likinyeshewa. Mvua ya kwanza ikianza tu, nafunga meza nakwenda kukaa mle ndani. Nikibaki mkavu, tunahama siku hiyohiyo.”

Fundi anajua sharti hilo, na amekwisha kupanda juu ya paa mara nne kukagua kila msumari. Anasema akilini ameshapanga kitanda kitakaa wapi: mbali na dirisha, kwa sababu ya goti la mama, linalouma likipigwa na upepo.

Anachota saruji nyingine, anasita, anatazama juu. Kwa upande wa milimani kuna wingu moja, dogo, halijaamua.

“Mafundi wenzangu wote wanaomba jua,” anasema. “Plasta hii mbichi ikinyeshewa leo itachuruzika yote, na nitairudia bila malipo.”

Anaweka mwiko chini, anajifuta mikono kwenye suruali, macho bado yako kwenye wingu.

“Na inyeshe.”