Jumeli ya Jicho Moja

Mfuko wa ngozi ninaozunguka nao mpaka leo bado unanuka mawese. Nikiufungua, popote nilipo, miguu yangu inakumbuka zile siku sita za kushuka kutoka milimani, tukilala mashambani kwa kuogopa barabara. Mama alimbeba mgongoni pacha wangu, Bukuru, aliyekuwa na homa. Kigwena, kwenye michikichi, aliniambia nitangulie na majirani. Aliponifikia, kitenge cha kumbebea kilikuwa kimekunjwa mkononi. Alisema Bukuru amebaki kwa watu wema, atatufuata.

Rumonge, mji wa kando ya ziwa, tulikaa kwa Mjomba Ramadhani, mpiga picha. Kwetu pacha wa kwanza huitwa Bukuru, wa pili Butoyi, kwa hiyo kila aliyesikia jina langu aliuliza hapo hapo, "Na Bukuru iko wapi?" Nilijibu kwamba anakuja.

Mjomba alitamani kuupiga picha mwezi, na makovu yake yote. Rafiki zake walimcheka: watu wanakimbia risasi, yeye anafukuza mwezi. Jioni moja alimwambia mama kwamba kesho atatafuta jumeli sokoni. Neno hilo nililijua. Mtawa wa zahanati ya kwetu aliwahi kuliandika kwenye karatasi ya Bukuru, akaniambia kwamba kwa Kifaransa maana yake ni pacha wa kike.

Asubuhi nilivaa shati safi, nikaomba kwenda naye. Nilipewa maandazi mawili, nikala moja.

Kwa muuza vyuma kulikuwa na bomba refu la shaba la kutazamia mbali, linalong'aa, na darubini ya macho mawili, jicho moja limepasuka. Mimi nililipenda bomba. Mjomba alitazama milima ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, kwa kila kimoja, bila haraka. Alisema bomba ni refu bure, kioo chake kama kifungo cha shati. Mwanga unaingia kwa upana, si kwa urefu. Bei ya darubini nzima asingeiweza, lakini kamera nayo iko na jicho moja tu.

"Basi Butoyi, jumeli ndiyo hii," alisema akiinua darubini; kumbe nayo kwa Kifaransa huitwa hivyo hivyo.

"Na Bukuru?" Nikamwonyesha andazi.

Muuzaji aligeuka, akaanza kufuta misumari. Mjomba alichuchumaa mbele yangu.

"Mutoto wangu, mimi nimeweza kupata hii tu."

Andazi alilifunga kwenye leso yake.

Alifunga kamera nyuma ya kile kioo kizima kwa mpira wa baiskeli, na alfajiri moja akaupiga mwezi ukizama nyuma ya Kongo. Ulitoka mdogo kama ndimu, umetikisika kidogo, lakini makovu yalionekana.

Siku nilipoondoka Rumonge moja kwa moja nilikuwa kijana. Mjomba alinipa mfuko huu wa ngozi, wenye darubini na picha ndani. Mpakiaji wa lori la mawese aliniuliza jina, kisha lile swali. Kabla sijajibu, mama alisema taratibu, "Iko Kigwena."

Lori lilipoipita michikichi ile ya Kigwena, ndipo nilipoelewa. Miaka yote nilidhani mama ananificha kifo cha Bukuru ili nisiumie. Kumbe kila niliposema anakuja, yeye ndiye aliyehitaji kusikia.