Gati Alilotelezea Fide

Niliondoka Louisville kwa sababu mama yangu alikuwa na swali moja, na mwaka mzima hakuna aliyemjibu. Mdogo wangu Fide alikufa Buffalo majira ya baridi yaliyopita, akivua samaki kwenye gati. Aliteleza kwenye barafu akaanguka majini. Hayo polisi walitueleza. Mama alitaka kujua jambo jingine: yule Mkongomani aliyemfundisha kuvua, ambaye walikuwa hawaachani, siku ile alikuwa wapi?

Mkongomani huyo anaitwa Baba Neema. Fide alikuwa amepanga chumba nyumbani kwake, na kiwandani walifanya kazi zamu moja. Tulipomzika Fide huko Columbus, Baba Neema alikuja akasimama nyuma ya watu, kofia mkononi. Aliponinyooshea mkono kunipa pole, niliuangalia tu mpaka akaurudisha mfukoni. Mwezi wa kwanza mwaka huu nikampigia simu, nikamwambia nataka kupaona mahali penyewe. Akasema, "Kuya, Baba Aline. Leta soksi mingi."

Ijumaa, saa kumi na moja alfajiri, nilitoka Beechmont, mtaa wetu wa Louisville. Kwenye kituo cha basi walikuwa wamesimama watu wawili waliovaa fulana za kazi juu ya makoti. Mke wangu alinifungia chapati na chupa ya chai. Binti yangu Aline, ambaye Kiswahili anakisikia lakini hujibu kwa Kiingereza, aliniuliza kama naenda kugombana. Nikamwambia naenda kuvua samaki. Akacheka. Mimi na Fide tulikulia kambi ya wakimbizi wa Burundi, upande wa Kasulu, mbali na ziwa. Samaki tuliowajua ni dagaa wakavu. Ndoana sikuwahi kuishika.

Columbus nilifika saa tatu asubuhi, barabara ikiwa kavu. Mama anakaa huko na dada yangu Konsolata. Nilimkuta amekaa kitandani, koti mwilini, utafikiri yeye ndiye anayesafiri. Hakuniuliza habari za watoto.

"Utamuuliza?" akasema.

"Nitamuuliza, mama."

"Umwangalie machoni. Mtu aliyemwacha mwenzake majini hawezi kukuangalia."

Konsolata alinisindikiza mpaka kwenye gari. "Kaka, usimpige yule mtu," akaniambia. Nikawasha gari. Kutoka Louisville mpaka pale nilikuwa nimeshampiga mara nyingi kichwani mwangu.

Baada ya Cleveland theluji ilianza. Mwanzoni ilikuwa ya kupeperuka tu barabarani, lakini kabla ya kuingia jimbo la New York nilikuwa nafuata taa nyekundu za lori lililokuwa mbele, na kando ya barabara sikuona kitu. Nilifika Buffalo saa kumi na moja jioni, mabega yakiniuma kwa kushika usukani.

Nyumba ya Baba Neema ni ya mbao, ghorofa moja juu, na theluji ilikuwa imezolewa pande zote za ngazi. Mkewe alinipokea kwa heshima iliyonikera. Alipakua ugali, sombe, yaani kisamvu, na samaki wadogo wa njano wenye mistari, wa kukaanga. Nilikula sombe. Samaki sikuwagusa, na hakuna aliyenihimiza.

Baada ya chakula Baba Neema alitandaza vifaa sebuleni. Alinikatia leseni ya kuvua ya siku moja kwa simu yake, akisema kuna askari wanaopita kukagua. Kisha akanipa jaketi la kuokolea, akanipa na raba mbili zenye meno ya chuma za kuvisha chini ya viatu. Zilikuwa mpya kabisa. "Bila hii," akasema, "hata mlango ya gari usifungue." Nililala kwenye chumba cha Fide. Kilikuwa kimefagiliwa, na ukutani palibaki msumari tu.

Jumamosi, saa nne asubuhi, tulitoka. Nilikuwa nimeamka mapema nikangoja, lakini Baba Neema hakuwa na haraka. "Baridi si kama kiangazi," akasema. "Samaki inaamkaka wakati jua iko juu. Saa tano mpaka saa nane, donc hapo ndipo."

Kabla ya kushuka garini alikaa akiangalia bendera iliyo karibu na maegesho. Upepo ukitoka ziwani, alinieleza, mawimbi hurusha maji juu ya gati, na maji hayo huganda pale pale. Siku kama hiyo hata wenyeji hurudi nyumbani. Asubuhi ile upepo ulikuwa unatoka nchi kavu. Tukavaa zile raba. Gati ni la zege, refu, na upande mmoja barafu ilikuwa imejijenga ukingoni hadi ikaonekana kama sakafu inayoendelea. "Ile si sakafu," akasema. "Chini yake maji. Pima hatua tatu kutoka ukingo, simama hapo, na usigeuzie maji mgongo."

Nataka kusema ukweli kwamba alinifundisha vizuri. Sijafundishwa kitu na mtu mwenye subira kama ile, na nilimchukia kwa hiyo subira. Alinionyesha kuvaa glovu nyembamba ndani na nene nje, na kuweka taulo kavu kifuani, maana mkono ukilowa unakufa ganzi kabla hujamaliza kufunga fundo. Alipaka mafuta ya midomo kwenye vile vipete vya fimbo ya kuvulia ambamo mshipi hupita, ili barafu isivizibe. Ndoana alichagua ndogo kama punje ya mchele, akaitia kidagaa hai, na juu yake chubwi, kipande cha risasi cha kukifikisha chini kabisa.

"Maji ya baridi, samaki iko mvivu," akasema. "Haikimbizaki chakula. Na wewe fanya mvivu. Inua kidogo, ngoja, shusha. Akikula hautasikia kama anavuta. Utasikia kama mshipi imekuwa nzito. Basi."

Tulisimama hivyo labda saa nzima. Machozi yalinitoka kwa baridi, yakaganda kwenye kope. Hatimaye nikamuuliza, "Baba Neema, siku ile ulikuwa wapi?"

Hakushtuka. "Nilikuwa nyumba. Nilikuwa nalala."

"Mwenzako yuko hapa, wewe umelala."

"Ndiyo." Aliweka fimbo yake chini, akaniangalia machoni. "Ijumaa jioni Fide alikuya kwa mlango yangu. Akasema, 'Kesho wewe pumzika, Baba Neema. Grand frère yangu, kaka mkubwa, anakuya kutoka Louisville. Nitavua na yeye.' Alifurahi sana. Hiyo meno ya chuma uko nayo kwa viatu, alikununulia yeye. Yake ilikuwa imekatika. Nikamwambia avae mpya. Akasema hapana, ile ni ya mgeni."

Nikaangalia miguu yangu.

Hili sikuwa nimemwambia mtu, hata mke wangu. Fide alikuwa amenialika tangu anahamia Buffalo, nami nikaahirisha kila mara. Mwisho nikamwambia, Jumamosi hii nakuja, nitatoka usiku, nitafika asubuhi. Ijumaa alasiri msimamizi akapita ghalani ninapofanya kazi akiuliza nani anaweza kuja kesho. Nikainua mkono. Fide sikumpigia. Nilijiambia ataelewa, wote tunajua kazi za huku.

"Mimi nilijua uko na yeye," Baba Neema akaendelea. "Polisi waligonga mlango, wanasema mtu ameanguka, wamepata gari yenye anwani yetu. Nikawaambia, hapana, si mtu moja, walikuwa wawili. Bon, wakatafuta wawili. Walikutafuta na wewe ndani ya maji, Baba Aline, mpaka nilipopata namba yako kwa kitabu ya Fide."

Hapo nikakumbuka. Saa ya chakula nilifungua kabati la kazini nikaona Fide alikuwa amenipigia mara nne asubuhi. Kabla sijampigia, simu ikalia, namba nisiyoijua. Mtu, kumbe Baba Neema, akaniuliza kwa Kiswahili uko wapi. Nikamwambia niko kazini, Louisville. Nikamsikia akimgeukia mwenzake na kusema kwa Kiingereza: ni mmoja tu. Kisha simu ikakatika. Saa ya chakula ilikuwa imekwisha, nikarudi kwenye maboksi yangu nikidhani amekosea namba. Habari ya kifo ililetwa na Konsolata jioni.

"Kwa nini hukusema mazishini?" nikamuuliza.

"Mbele ya mama yako? Nilikuletea mkono, ukaukataa. Nikasema basi, acha waniwekee mimi kosa."

Wakati huo mshipi wangu ulikuwa umekuwa mzito. Yeye ndiye aliyeuona. "Vuta, polepole," akasema. Nikavuta. Akatoka samaki wa njano, mrefu kama kiganja, akawa anapiga mkia juu ya zege. Sikuweza kumtoa ndoana, vidole havikunitii. Baba Neema alipiga goti akamtoa yeye, akamtia ndoo, akanirudishia fimbo mkononi. Tulivua mpaka saa nane. Nilipata watano.

Jumapili asubuhi nilimpa mkono mlangoni. Aliupokea, lakini haraka, kama mtu anayepokea risiti. Mkewe alinipa samaki wamefungwa na barafu. Nilimwomba msamaha Baba Neema, akaitikia, "Ni Mungu," akaingia ndani. Nilielewa kwamba sitaalikwa tena, na kwamba ana haki.

Columbus, saa nane mchana. Njia nzima nilikuwa nimejipangia uongo. Ningesema yule mtu alikuwa mgonjwa, au zamu ilibadilishwa. Mama alikuwa ametoka kanisani, kitambaa bado kichwani, amekaa mezani na Konsolata.

"Alikuangalia machoni?" akauliza.

"Aliniangalia."

"Haya. Alikuwa wapi?"

Uongo ukanikwama. Nikamweleza yote: ahadi yangu, ghala, simu nne, na watu wawili waliotafutwa majini. Konsolata alifunika mdomo. Mama hakulia. Alikunja kitambaa cha meza, akakikunjua, akakikunja tena.

"Mwaka mzima," akasema, "nilikuwa na mtu wa kumchukia, naye alikuwa mbali. Sasa umeniletea wa humu nyumbani."

Akainuka akaenda chumbani kwake. Samaki Konsolata aliwaweka kwenye friza. Aliniambia nile kwanza, njia ni ndefu, lakini aliniambia akiwa amesimama karibu na mlango. Nikaondoka. Nilifika Louisville kabla ya watoto kulala, na Aline hakuniuliza kama niligombana.

Mama hajanipigia tangu siku hiyo. Konsolata ananiambia anakula, anasali, anauliza wajukuu wanaendeleaje. Habari zangu haulizi.

Wenzangu wa kazini waliona picha ya wale samaki, na sasa huniuliza mtu huanzaje. Huwaambia kama nilivyofundishwa. Nendeni jua likiwa juu. Ndoana iwe ndogo, chambo kifike chini, na mkono usiwe na pupa. Taulo kavu kifuani. Meno ya chuma yavaeni garini, si mkishafika, na yakikatika rudini nyumbani, samaki hawahami. Lililo kubwa ni kwenda wawili. Aliyekuambia anakuja, hakikisha yuko njiani kabla wewe hujaufikia ukingo.

Wiki iliyopita jirani yangu mmoja, Mrundi mwenzangu, aliniomba nimpeleke kuvua mto Ohio. Tulipatana Jumamosi saa nne, pale chini palipojengwa kwa mawe. Mimi nilifika kabla ya saa. Theluji ilikuwa imeganda juu ya mawe, na mto ulikuwa umejaa, unapita kimya. Nilimpigia, hakupokea. Nikapiga tena. Alifika amechelewa dakika arobaini, akicheka, akisema watoto walimchelewesha. Nilimwambia hakuna neno. Lakini dakika arobaini peke yako kando ya maji, simu mkononi, ni nyingi kuliko nilivyokuwa najua.