Mama Mulongo na Mtu wa Kumi

Asenath Nakhumicha husuka mota zilizoungua katika kibanda cha mabati huko Baba Dogo, nyuma ya viwanda. Iwe mota ya pampu au ya kinu cha posho, ataivua nyaya nyeusi na kuivika mpya, akihesabu mizunguko kwa midomo bila kutoa sauti. Mabaki ya shaba hayatupi. Hayo ndiyo antena yake.

Redio si yake peke yake. Ni ya chama. Tuko wanane, na badala ya kununuliana masufuria kwa zamu kama vyama vingine, tulichanga tukanunua redio moja ya kuongea na dunia, tukasoma, tukafanya mtihani, tukapata leseni. Kila mmoja hukaa nayo mwezi mmoja. Wanaodhani anga ni ya watu wenye majumba makubwa watasubiri sana: mawimbi hayamuulizi mtu amepanga chumba mtaa gani.

Mchezo wetu ni rahisi kueleza. Unabeba redio hadi msituni, unatundika waya, unaita. Ukipata watu kumi tofauti siku hiyo, msitu unaandikwa kwa jina lako katika orodha inayosomwa dunia nzima. Tisa si kitu. Asenath, au Mama Mulongo kama tunavyomwita kwa jina la mwanawe, alikuwa ameenda msitu wa Karura mara tatu mwezi ule akarudi na sita, nane, na saba. Sasa ilikuwa Jumamosi ya mwisho. Saa kumi na mbili jioni lango lingefungwa na redio ingechukuliwa na Gichuru, mwenye zamu iliyofuata. Zamu ya Mama Mulongo ingerudi baada ya miezi saba.

Tatizo lake tulilijua sote. Hewani, mtu hutaja namba yake ya leseni, anaambiwa anavyosikika, anaaga. Nusu dakika. Lakini Mama Mulongo alilelewa Bungoma, na huko humpiti mtu kana kwamba umepita mti. Kwa Kiingereza chake kisicho na haraka, atauliza habari za nyumbani. Akiambiwa ni nzuri, atauliza za mama, za watoto, na za ng'ombe kama wapo. Waliokuwa wakingoja nyuma huchoka, wakaenda kutafuta wengine.

Siku hiyo alifunga kamba kwenye chupa ya maji, akairusha ikapita juu ya tawi, akauvuta waya wa shaba hadi juu. Askari wa msitu aitwaye Kyalo akaja akiutazama waya.

"Mama, nguo za kuanika ziko wapi?"

"Ziko Italia," alisema. "Ndio nazivuta."

Akamwonyesha kibali na leseni. Kyalo akaketi kwenye gogo kusikiliza.

Kufikia saa kumi alikuwa na watu saba. Mmoja wao, mstaafu wa Italia aitwaye Renzo, alikula dakika ishirini. Alipoulizwa habari za nyumbani, alisema mkewe amepasuliwa mguu, na tangu siku hiyo hakuna aliyemuuliza. Jambo kama hilo huliachi katikati.

Saa kumi na moja Gichuru akafika, mapema kuliko walivyopatana, begi tupu la kubebea redio begani. Gichuru ni seremala wa Gikomba, na zamu yake iliyopita alipata watu ishirini na sita kwa saa moja.

"Mama Mulongo, wewe huwaiti watu," alisema. "Unawatembelea. Unangoja mpaka chai iletwe."

"Na wewe unawahesabu kama misumari."

Hata hivyo alimtii. Mtu wa nane, Mturuki, alichukua sekunde ishirini. Wa tisa vivyo hivyo. Mama Mulongo alikuwa na uso wa mtu aliyemfungia mgeni mlango. Kisha kimya. Akaita hadi sauti ikakwaruza, na redio ikajibu kwa mlio wa mafuta yanayokaanga. Kyalo akaanza kutazama saa.

Dakika nane kabla ya saa kumi na mbili, sauti ikatokea. Alikuwa Renzo tena. Gichuru akashika kichwa, kwa sababu mtu mmoja huhesabiwa mara moja tu.

"Mwambie atupishe."

Mama Mulongo akabonyeza maikrofoni na kuuliza mguu wa mkewe unaendeleaje. Renzo akasema mama huyo ametembea leo hadi mlangoni. Kisha akaongeza, "Nimempigia simu shemeji yangu, naye ana leseni. Nimemwambia kuna mwanamke msituni Kenya anayejulia watu hali. Msubiri, anawasha mitambo."

Shemeji alisikika kwa mbali, kama mbu nyuma ya pazia. Wakapeana namba, na Mama Mulongo akamwandika wa kumi. Gichuru, akicheka, akaanza kuifungua kamba ya antena, ila Mama Mulongo akampiga kofi la mkononi.

"Tulia. Hatujasalimiana."

Kyalo alisimama kando yao, funguo mkononi, akitazama upande wa lango. "Muulize," alisema, "kama kwao mvua imenyesha."