Redio Waliyoicheka Barazani Mwanga

Miaka ile wakimbizi walipokuwa wakiingia Kigoma kwa maboti na kwa miguu, nilikuwa nashona nguo kwenye baraza ya duka moja la vitenge, Mwanga. Barazani hapo walikaa wanaume ambao kazi yao kubwa ilikuwa kuicheka redio ya taifa. Kinara wao alikuwa mtumishi wa serikali aliyehamishiwa kwetu kutoka Dar es Salaam, mtu wa viatu vinavyong'aa hata masika.

"Kodi yetu inalisha wasoma hotuba," alisema. "Waziri kafungua kisima, waziri kafunga semina. Waifunge tu, kila mtu asikilize anachokitaka kwa hela yake."

"Na vifo, mzee! Usisahau vifo!" mwenzake alidakia, wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Mshahara wa bwana huyo ulitoka kwenye kodi hiyohiyo, lakini hilo halikumwasha popote. Nilikanyaga cherehani yangu kwa nguvu ili kelele yake iwazidi. Siyo kwamba niliipenda redio ile. Ilituchosha kwa sifa za wakubwa, na Kigoma iliitaja kwa nadra, kana kwamba reli inaishia Tabora. Lakini mume wangu hakukosa kuisikiliza mchana. Alikuwa Mrundi, mkimbizi wa zamani aliyeingia nchini akiwa kijana. Dada yake mdogo alikuja baadaye, vita ilipochacha, akawekwa kambini, mbali na ziwa. Betri zikichoka, mume wangu alizianika juani pamoja na dagaa, ili asipitwe na matangazo ya vifo.

"Huko ndiko watu kama sisi tunakotajwa," aliniambia.

Kisha akafa yeye. Homa ilimchukua upesi, nyumbani kwetu Ujiji. Damu yake iliyobaki duniani ilikuwa dada huyo mmoja, nami sikutaka mume wangu azikwe na wakwe watupu.

Kaka yangu alipanda basi Mwandiga akaenda kambini kumchukua. Akarudi peke yake. Pale kambini mtu hakutoka bila kibali, na mlinzi wa geti alikuwa amechoka kudanganywa.

"Shemeji," alimwambia kaka, "humu kila siku ya gulio kuna msiba. Kuna bibi wa watu kafa mara mbili mwezi huu."

Ilikuwa kweli. Watu waliomba ruhusa ya mazishi ili wakauze mafuta ya msaada sokoni. Siwalaumu kwa njaa yao, ila kila aliyezika bibi yake akiwa hai alimfungia geti mfiwa wa kweli.

"Sasa utamwamini nani?" kaka alimuuliza.

"Serikali ikisema kafa, nitaamini."

Wazee wa kanisa walikubali mazishi yasogezwe, lakini si sana, maana umeme wa chumba cha maiti ulikuwa wa kuombea dua. Kaka akakimbilia posta, tangazo la kifo likapelekwa redio ya taifa, Dar es Salaam, kwa simu. Mchana uliofuata tukaiweka redio ya marehemu juu ya kigoda, katikati ya waombolezaji.

Na nani alisogea karibu kuliko wote? Yule bwana wa viatu vinavyong'aa, na baraza nzima ya Mwanga nyuma yake.

"Nyamazeni jamani, vifo vinaanza!" aliwafokea mama zangu waliokuwa wakilia.

Likasomwa. Jina la marehemu, Ujiji, mkewe anasikitika kutangaza, habari zimfikie dada yake aliye kambini. Sauti ya msomaji haikuwa na huruma wala haraka. Akaingia kwa marehemu mwingine.

Yule bwana akanigeukia. "Mbona sisi majirani zako wa barazani hatukutajwa, mama? Wenzako huwa wanataja na majirani."

"Wewe si uko hapa, baba? Tangazo ni la aliye mbali."

"Najua, lakini ni heshima."

Heshima! Alitaka heshima kutoka kinywa ambacho juzi alitaka kizibwe. Ile redio mpya ya muziki aliyokuwa akiisifu barazani, mawimbi yake hayakuvuka hata vilima vya Kalinzi, sembuse kufika kambini. Tangu siku hiyo, anayeniuliza kama kodi iendelee kuilisha redio ya taifa namjibu iendelee, tena wasomaji wake waambiwe wapunguze mawaziri. Wanaosema ifungwe nawaangalia viatu tu.

Siku ya kuzika tulingoja mpaka alasiri. Jeneza lilikuwa limeshatolewa uani na kupigiliwa misumari, mchungaji ameshika kitabu, lori la mihogo liliposimama barabarani. Wifi yangu akashuka, miguu myekundu kwa vumbi.

"Musazanje!" aliita. Kaka yangu! Kwao ndivyo mwanamke anavyomwita ndugu yake wa kiume.

Nilimkumbatia, akanisimulia huku anatweta. "Nilikuwa napalilia maharage. Mlinzi kaja mwenyewe, redio kwapani, kibali mkononi. Akaniambia, pole mama, wa kwako ni wa kweli."

Nikaomba jeneza lifunguliwe. Yule mtumishi akatazama saa, akasema jua linakwenda. Vijana wakang'oa misumari. Wifi akainama, akaushika uso wa kaka yake kwa mikono yote miwili, akaongea naye Kirundi, polepole, mpaka akamaliza mwenyewe. Ndipo tukamzika.