Skauti Aliyempendeza Binti Yangu

Nilipoajiriwa na timu ya vijana ya hoki ya barafuni hapa Saint Paul, nilidhani kazi ya yule mzee ilikuwa ukingoni. Mimi nilisomea takwimu. Kompyuta yangu ilijua kila beki alipoteza mara ngapi kile kisahani cheusi kinachochezwa badala ya mpira. Yeye alikuwa skauti, msaka vipaji wa siku nyingi kutoka Oakdale, aliyeketi jukwaani na kahawa yake, akitazama tu.

Kabla msimu haujaanza, ilibaki nafasi moja ya beki. Nikamtetea mchezaji wa mji jirani wa Plymouth, maana takwimu zake ziliwapita wenzake wote. Mzee akamtaka wa Apple Valley.

"Kwa nini yeye?" kocha akamuuliza.

"Akikosea haangalii benchi kuona kama umekasirika. Anageuka, anafukuzia kisahani."

Kocha akapiga meza kwa furaha, akamchukua huyo. Ripoti yangu hata hakuifungua. Nikaona wivu.

Hilo ningelimeza. Lakini jioni moja binti yangu, anayesoma chuo hapa mjini, aliniletea chapati uwanjani. Nikamwonyesha michoro yangu ya takwimu, akapiga miayo. Akaenda kuketi na mzee, wakacheka mechi nzima, na chapati zangu akamgawia.

Garini nikamuuliza, "Mlikuwa mnaongea nini muda wote huo?"

Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba mzee anamfundisha kuona. Jumamosi angemfuata kwenda kutazama wachezaji.

"Kwani mimi sikufundishi?"

"Wewe Mum unanipa majibu tu," akasema, safari hii kwa Kiswahili.

Beki wa Apple Valley alicheza vizuri. Wa Plymouth naye aling'ara katika timu nyingine, kwa hiyo ubishi wetu haukupata mshindi. Binti yangu, hata hivyo, aliendelea kwenda na mzee kila Jumamosi, mpaka nikaomba nami nichukuliwe.

Nikaketi kiti cha nyuma, wao mbele wakibishana kuhusu golikipa. Uwanjani nikaiacha kompyuta begini.

"Umeona nini, Mum?" binti yangu akauliza.

Nilichokuwa nimeona ni yeye tu, alivyomwinamia mzee asikose neno.

"Golikipa ana udhaifu upande wa kushoto," nikabahatisha.

"Kulia," mzee akasema kwa upole, na binti yangu akaitikia kwa kichwa.