Mahindi ya Chokaa ya Tránsito

Siku hiyo Hermelinda Coyoy alikuwa hoi. Mgongo unauma, macho yanawasha, na mashine mle maabarani, mjini Xela, inanguruma tangu alfajiri. Maisha yake yote ya kazi ni hayo: kusaga mahindi ya watu, kuyakamua, kutafuta sumu ya kuvu.

Safari hii mahindi yalikuwa ya mama yake mkubwa, Tránsito, aliyeyaleta mwenyewe kisha akakaa kwenye benchi na shali yake, haondoki. Nyumbani kwake vijike vya nguruwe, vitoto kabisa, vilikuwa vimevimba nyuma kama vinataka dume, dalili ya sumu ya kuvu. Na mahindi wanayokula nguruwe ndiyo hayo hayo wanayokula wajukuu.

Mashine haioni sumu mpaka chembe zake zitiwe umeme, na njia za kuzitia ni mbili. Moja huyarusha maji ya mahindi kama manyunyu yenye umeme. Ni ya upole, huona sumu za kila aina, na wakubwa wanaipenda. Nyingine huyageuza mvuke kwa moto, kisha sindano ikaupiga cheche. Baadhi ya sumu huungua humo, lakini njia hiyo si rahisi kuizuga.

Manyunyu yakasema: safi.

"Si nilikwambia?" akasema Tránsito. "Nguruwe wana umalaya wao tu."

Hermelinda hakucheka. Akajikokota, akaihamishia mashine kwenye njia ya moto. Sumu ikasimama kwenye kioo cha mashine kama mlima.

"Mama Mkubwa, haya mahindi uliyafanya nini?"

"Niliyachemsha na chokaa, nikayaosha. Nikuletee mabichi, kwani wewe kuku?"

Hermelinda akafumba macho. Chokaa! Ndiyo iliyoinyang'anya sumu umeme wake ndani ya manyunyu, sumu ikapita kimya. Kwenye moto chokaa haikufua dafu.

"Hayafai. Na haya yamechemshwa, yakaoshwa. Yale mabichi uliyoyaweka darini ni mabaya zaidi."

"Njia ya kwanza imesema safi. Mimi nashika hiyo."

"Ya kwanza haikuona, mama."

"Na ya pili imeona kwa sababu umechoka, unataka nikuondokee."

"Nimechoka kweli. Ila wajukuu wako wasiyale."

Tránsito akajikaza shali yake. Kwao punje moja ikianguka njiani huokotwa. Mahindi ya dari nzima atayatupaje?

"Mkono wangu hauyatupi," akasema mwishowe. "Njoo uyatupe wewe uliyeyasema."

Hermelinda akazima mashine, akavua koti jeupe, akaanza kutafuta viatu vyake vya matope. Kupumzika, basi tena.